Gari Yetu Ilipita Inspeksheni na Tairi za Wenyewe

Wasee, hii stori nimekaa nayo tangu mwaka jana na leo naitoa. Kila mtu akiuza gari ndogo ya mtumba husema vile vile: "Iko sawa kabisa, imepita inspeksheni." Mimi nikisikia hayo maneno nanyamaza, kwa sababu najua moja ilipita vipi. Nilisaidia kuipitisha.

Dada yangu mkubwa anauza omena. Alfajiri anachukua mzigo Homa Bay, anapita Rodi Kopany, Rongo, Awendo na Uriri, halafu anafungua meza yake soko la Migori. Gari yake ni ile ya kawaida ya huku kwetu: ndogo, injini ya 1300, viti vya nyuma vimetolewa ndio magunia yaingie. Kwa vile inabeba mzigo wa biashara, lazima iende ukaguzi kila mwaka. Ile ya kwenda kanisani Jumapili inaweza kukaa miaka bila mkaguzi kuiona, ingawa mjadala wa kukagua magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka 4 hurudi kila mara.

Mwaka jana tarehe ilipofika, tairi zilikuwa zimeisha. Laini kama sahani. Fundi akatuambia nne mpya ni elfu 24. Dada alikuwa amelipa karo wiki hiyo hiyo. Fundi akatuangalia, akacheka: "Omera, kwani mmezaliwa jana? Kuna jamaa hukodisha tairi za ukaguzi. 1,500 asubuhi moja, mchana mnarudisha."

Mimi ndiye nilizifuata na bodaboda, mbili kila safari. Mimi ndiye nilishika jeki. Na tukapita. Mkaguzi alikuwa mtu makini: alimulika taa, akaangalia gari kutoka chini, akapima breki, akamwambia dada abadilishe balbu moja ndio apewe karatasi. Hakuitisha hata shilingi. Mchana tukarudisha tairi za watu, tukavalisha gari zile zetu za sahani, jioni tukala samaki kusherehekea.

Wiki sita baadaye tulikuwa tunarudi na mzigo, mvua inanyesha. Nilikuwa nimekaa mbele, mtoto wa dada wa miaka 5 amelala kwa mapaja yangu. Kati ya Rongo na Awendo kuna trekta za miwa, na mnazijua: trela imejaa mpaka juu, nyuma hakuna taa. Dada aliiona tukiwa tumeshaikaribia. Akakanyaga breki, na breki zikashika vizuri. Magurudumu yakasimama, lakini gari ikaendelea kwenda. Tuliteleza kama sabuni mpaka kwa mtaro.

Mtoto alishonwa nyuzi 4 kwa paji la uso. Magunia mawili ya omena yakamwagika kwa maji. Ni hayo tu, na nasema "hayo tu" nikijua vile ingekuwa.

Watu walikuja kututoa. Mzee mmoja akaona stika kwa kioo, akatingisha kichwa: "Na hii imekaguliwa juzi! Hawa watu watakula hongo mpaka watumalize." Kila mtu akaitikia. Na mimi nikaitikia. Nimesimama kwa mvua, nimebeba mtoto anatoka damu, nikamsingizia mtu aliyefanya kazi yake.

Ndio maana mtu akiniuliza kama ukaguzi wa gari unaaminika, sijibu haraka. Sisemi hongo haipo. Lakini siku ile mtihani ulikuwa wa kweli. Gari ndiyo ilikuwa ya uongo. Tulidhani tunamdanganya mkaguzi, kumbe yeye haingii kwa hiyo gari. Tunaoingia ni sisi.

Na hata bila ujanja, karatasi huongea juu ya asubuhi moja. Gari nyingi tunazonunua zimetoka Japani zikiwa zimetumika, na Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Hukaguliwa huko kabla ya kupakiwa melini, sawa. Lakini hiyo karatasi haijui mashimo ya huku, wala mizigo, wala wenye gari watatu waliofuata. Uingereza gari hupimwa kila mwaka ikishafika miaka 3, na mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya gari kwa intaneti aone ilifeli lini, ilifeli nini, na ilikuwa imetembea umbali gani. Hiyo ndiyo ningependa tuwe nayo. Mnunuzi akionyeshwa "imepita" peke yake, ameonyeshwa nusu ya hadithi.

Kwa sasa, ukienda kuangalia gari, angalia mwenyewe. Tairi ina namba nne pembeni: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Ndani ya mifereji yake kuna vituta vidogo vya mpira. Tairi ikiisha mpaka ilingane navyo, hiyo imekufa. Uliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini, kwa sababu huvuta unyevu, na yakipata moto sana pedali inaweza kuzama. Na uende na fundi wako, si fundi wa anayeuza.

Mwezi uliopita dada aliamua kuuza ile gari. Tairi sasa ni mpya, tulikopa tukanunua. Kijana mmoja akatoka Homa Bay kuja kuiona. Akaniuliza lile swali: "Imepita inspeksheni?"

Nikamwambia imepita, halafu nikamwambia ilipita vipi, na pale mlango ulipogongeka kwa mtaro nikamwonyesha. Dada alikuwa amesimama hapo, akaniangalia kama amenishika nikiiba. Kijana akapunguza elfu 30 kwa bei, akalipa, akaenda nayo.

Dada hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alinipigia, akaniuliza tu kama yule kijana ana watoto. Nikamwambia sijui, lakini alikuja na mama yake.