Njia za Miguu za Morotonga

Msomaji mpenzi, lugha yetu inajua jambo tunalolisahau. Mtu aliye safarini kuelekea sokoni, kisimani au shambani husema, "Nakwenda." Yule atokaye jioni kumjulia hali shemeji yake, au kunyoosha miguu tu, husema, "Natembea." Kwenda ni kwa lazima, kutembea ni kwa raha. Nami, karani wa parokia ambaye hupeleka barua vigangoni kwa miguu, nimeona kwamba mahali penyewe ndipo panapoamua kama watu watatembea au watakwenda tu.

Twende pamoja basi hapa Morotonga, kata iliyo Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Penye nyumba za zamani kuna vijia vyembamba katikati ya nyua za minyaa, na miembe ya kivuli. Jioni utakuta wanawake wawili wawili wakienda kusalimu, na mzee ametoka na fimbo yake pasipo shughuli yoyote. Toka hapo uingie barabara ya changarawe: hakuna mti, malori yanatimua vumbi, pikipiki zapita kama mshale. Utakaowaona ni watoto wa shule, mama mwenye ndoo kichwani na mgonjwa aendaye hospitali. Hao sharti wapite, pawe pazuri au pabaya. Mtembeaji wa jioni humwoni kamwe.

Kuelekea mashariki ni habari nyingine. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakatangazwa mwaka 1994. Lakini wanyama hawasomi vibao vya mpaka. Mahindi na mtama vikikomaa tembo huja usiku, na fisi yumo njiani kabla ya alfajiri. Kwa hiyo ukiona Misa ya alfajiri ina watu wachache katika vijiji hivyo, usiwaite wavivu. Jua likichomoza watakuja.

Wapo wasemao kwamba watu wa siku hizi hawana miguu. Humtaja Mwalimu Nyerere, ambaye Oktoba 1967 alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Ni kweli, lakini hata yeye hakwenda peke yake. Njia yenye watu ni fupi.

Sasa nikuambie linaloniuma. Viwanja vinapimwa, na kila mwenye kiwanja anazungusha seng'enge. Kijia kimoja nilichokizoea kimefungwa hivyo. Bibi mmoja wa jumuiya yetu alikuwa akikipita kwa nusu saa, akipumzika chini ya mkuyu. Sasa azunguka barabarani, juani, mwendo wa saa nzima. Jumapili bado anafika kanisani. Ila zile ziara zake za Jumatano kwa wagonjwa zimekwisha, na wagonjwa wananiuliza habari zake.

Mwenye kiwanja hakuvunja sheria yoyote. Hakuna aliyemwambia kwamba watu hupita pale. Kwenu, msomaji, mkutano wa kitongoji ukiitishwa kabla ya mapimo, simama utaje vijia kimoja kimoja. Hatua tatu za upana zatosha, na ule mti uachwe.