Mkono Mmoja Haulei Mwana, Wala Haumalizi Kikapu

Neno "msanii" limekuwa finyu mno nchini kwetu. Likitamkwa, wengi huona kipaza sauti, jukwaa na kijana wa Dar es Salaam. Ni wachache wanaomwona mama wa Ngara au Biharamulo aliyeketi uani, mtoto mgongoni, akishona kikapu ambacho michoro yake ameibuni mwenyewe. Huyo tunamwita mjasiriamali au mwanakikundi. Ajabu ni kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikwishazihesabu kazi za sanaa za mikono miongoni mwa kazi zinazolindwa. Sheria inamtambua, ni sisi tusiomtambua.

Nazungumzia jambo hili kama mtoto wa msukaji. Marehemu mama yangu alisuka vile vikapu vyenye mfuniko uliochongoka, ambavyo sisi wa Ngara tunavijua sawa na jirani zetu wa Rwanda na Burundi. Fungu la nyasi huzungushwa duara juu ya duara, na kila duara hushonwa kwa sindano kwenye lile lililotangulia. Mchoro haujaandikwa popote. Umo kichwani, nao ni hesabu: ukikosea mishono miwili chini, kosa hupanda nawe hadi ukingoni.

Hesabu ya namna hiyo haiendi pamoja na kilio cha mtoto mchanga. Kwa hiyo akina mama wa kitongoji chetu walikuwa na utaratibu wao, usio na katiba wala mhuri. Walikutana nyumbani kwa mmoja wao baada ya kutoka shambani. Mmoja alishika watoto na kutazama chungu, wengine wakasuka. Siku ya pili zamu ilihamia kwa mwingine. Mwenzao akijifungua, walikichukua kikapu alichokiacha nusu na kukimaliza kwa kufuata mchoro wake yeye, wala si wao. Kikiuzwa, fedha zilikuwa zake. Mama alikuwa na watoto watano, na sikumbuki mwaka uliopita bila kikapu chake kufika sokoni.

Watu husema huo ni ujirani mwema tu. Mimi nauona kuwa taasisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Msusi wa vikapu hana mwajiri, hivyo hana hata siku moja. Likizo yake hutolewa na mama wenzake, kwa kukatwa kutoka katika saa zao wenyewe. Muda huo ndio mtaji wa kwanza wa sanaa yao, nao hauingii katika daftari lolote.

Lakini tusiupambe mno utaratibu huu. Muda wanaopeana ni wa wanawake peke yao, na pale unapopungua, anayefidia ni binti. Dada yangu mkubwa aliacha shule akiwa darasa la sita ili akae na wadogo zake siku ambazo zamu haikutosha. Sisi wavulana hatukuguswa. Hakuna aliyemuuliza baba kama angeweza kumshika mtoto kwa saa mbili za jioni. Kila nikikishika kikapu kimoja cha mama kilichobaki, najua kwamba ndani yake mmeshonwa pia masomo ya dada.

Kusaidiana katika ubunifu si jambo la vijijini tu. Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya waliandika kwa pamoja tamthilia ya Harakati za Ukombozi, iliyochapishwa mwaka 1982. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wanawake wa Rwanda walirudi kusuka kwa pamoja, wajane kwa wake wa wafungwa, na kazi zao zikafika katika maduka makubwa ya Marekani. Popote walipofanikiwa, palikuwa na mtu aliyewapa nafasi ya kukaa na kazi.

Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo, na asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Ni vyema imerudi. Hata hivyo, mkopo hununua nyasi na rangi, haumshiki mtoto. Mama atakayechukua fedha bila kupata saa za kufanyia kazi atabaki na deni na kikapu nusu.

Ombi langu kwa halmashauri za Ngara na Biharamulo ni dogo. Vikundi vya wasukaji vipewe, pamoja na mkopo, chumba cha watoto na posho ya mlezi mmoja. Kila kikapu kiuzwe na jina la aliyekibuni. Na sisi akina baba, ambao kwa muda mrefu tumekula bei ya vikapu hivyo, tuingie katika zamu, ili mabinti wabaki darasani.