Motere Haina Maji, Inapumua Hewa



Mu jamaa nyingi za hapa kwetu Katanga kuko motokari ya zamani. Pengine inasimama chini ya muti wa maembe bila magurudumu, pengine ingali inatembea. Yetu ingali inatembea. Ni Volkswagen 1300 ya mwaka 1969, ile ya mgongo wa mviringo, ambayo baba aliinunua kwa mtu aliyekuwa anarudia kwao Ulaya. Wajukuu wanamcheka: "Nkambo, hii kobe yako itafika kweli?" Inafika. Na inafika kwa sababu baba anashika jambo moja ambalo mafundi wengi hawataki kusikia: hewa ya moto na hewa ya baridi hazipashwi kukutana.

Jambo hilo hakulifunza mu garaji. Alilifunza chini ya udongo, kule Kipushi, mu kazi ya kuongoza hewa, mpaka siku mgodi uliposimamishwa mu mwaka 1993. Chini kule hewa safi inashuka kwa njia moja, hewa iliyotumika inapanda kwa njia ingine. Kati ya njia hizo mbili wanaweka milango. Mtu akiacha mulango wazi, hewa inapita njia ya mkato, inarudi juu bila kufika pale watu wanapotumika. Vantilatere inazunguka, makelele iko, lakini watu wanakosa pumzi.

Motere ya Volkswagen ile ni vilevile. Haina radiatere, haina maji hata kidogo. Iko nyuma, na silinda zake ine zinalala mbili kuume na mbili kushoto. Vantilatere imefungwa kwa dinamo, na kurua moja inazungusha zote mbili. Inavuta hewa ya baridi kupitia matundu ya chini ya kioo cha nyuma, inaisukuma juu ya silinda, na hewa hiyo ikiisha kupata moto inatokea chini ya motokari, pale eshapema iko. Kati ya juu na chini kuko mabati yanayozunguka motere yote, na kauchu inaziba ukingo. Mabati yale ndiyo milango ya mgodi. Ukiyatosha, vantilatere itaanza kuvuta ule moto wa chini na kuurudisha juu ya silinda. Motere inapumua pumzi yake yenyewe.

Kazi ingine ya hewa ile ni kupasha watu moto. Mabomba mawili ya eshapema yamevikwa ganda la chuma. Sehemu ya hewa ya vantilatere inapita kati ya bomba na ganda, inapata moto, kisha inaingia mu motokari kwenye miguu ya watu. Ni akili nzuri, maadamu bomba liko zima. Siku bomba linatoboka ndani ya ganda, moshi wa motere unaingia kule watoto wanakaa.

Mu mwezi wa Juni 2002, yaya yangu alipeleka motokari mu garaji moja ya muji ili wabadilishe eshapema. Ilirudi ikingaa, mabomba yamepakwa rangi ya fedha. Mabati ya nyuma hayakuwako tena, na kauchu vilevile. Fundi alimwambia yaya: "Ile ni mizigo ya bure. Bila ile, motere inapumua muzuri zaidi." Yaya alifurahi. Baba alikuwa Likasi kwa dada yake mgonjwa, hakuiona.

Mu Julai tukapata habari kwamba shangazi huyo ametutoka. Tukaondoka Lubumbashi saa kumi na moja za asubuhi, yaya ku usukani, mimi kando yake, mama nyuma pamoja na watoto watatu. Ninyi munajua baridi ya Julai yetu. Vioo vyote vilifungwa, na yaya akafungua moto. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita 120 hivi. Tulipofika karibu nusu ya njia, mtoto wangu wa miaka saba akasema kichwa kinamuuma. Kisha mdogo wake akatapika. Wa tatu alikuwa analala, na mama akimwita, anajibu kama mtu mlevi. Mama akasema: "Ni maleria. Tufike mbio." Nami kichwa kilikuwa kinanigonga, lakini niliwaza ni usingizi wa kilio.

Tulisimama ili kufuta matapiko. Watoto wakakaa inje, mu upepo, wamefunikwa na bulangeti. Kisha dakika makumi mbili wakaanza kuulizana nani atakula mkate wa kwanza. Maleria gani inaondoka kwa upepo? Tukaendelea vioo wazi, moto umefungwa, meno yanagongana. Motere nayo ilikuwa inanuka mafuta yanayoungua.

Baba alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema tu: "Maleria haishike batoto batatu mu saa moja. Ile njo hewa mbaya." Mwenye kutumika chini anaijua hewa hiyo. Wanasayansi wanaiita monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia mu mapafu, inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, na damu haina tena nafasi ya kubeba oksijeni. Kule Uingereza wachimba makaa walikuwa wanashuka na ndege kanari mu kitundu, sababu kandege kale kanaanguka mbele ya mtu. Desturi ile iliisha mu mwaka 1986 tu. Mu motokari yetu, watoto ndio walikuwa kanari.

Kisha maziko, baba akalala chini ya motokari na toroshi. Alikwangua rangi ya fedha kwa kisu, na kisu kikapita ndani. Ganda lilikuwa limekuliwa na kutu, na bomba la ndani lilikuwa na tundu la kutosha kidole.

Hapo matata ikaanza. Yaya alitaka kuuza motokari palepale, mbele mnunuzi hajajua. Baba akakataa: "Utauza kilio kwa jamaa ya mwenzako?" Yaya akakasirika, kwa maana yeye ndiye alilipa ile garaji, na mu mfuko wake hamukubakia kitu. Siku mbili hawakusemezana. Mwishowe mama akawaita wote wawili na kuwaambia kwamba nyumba yenye kilio haina nafasi ya kilio cha pili. Siku iliyofuata yaya mwenyewe alipanda lori kwenda kutafuta mabati yetu mu lundo la vyuma vya garaji ile. Aliyarudisha, moja limepinda.

Mabomba mapya yenye ganda hatukuweza kuyalipa. Basi msudaji mmoja akatutengenezea mabomba matupu, bila ganda. Tukaziba midomo miwili ya nyumba ya vantilatere iliyokuwa inapeleka hewa kule, na matundu mawili ya kuingiza moto mu motokari. Sasa hewa yote inaenda kwa silinda. Mu Julai tunavaa makoti.

Kwa wale wenye motere ya namna hii, haya ndiyo baba anayachunga. Kurua, ukiisukuma kwa kidole gumba, iingie sentimita moja na nusu hivi. Ikikatika, taa nyekundu ya dinamo inawaka: simama palepale, kwa maana vantilatere nayo imesimama. Mafuta ya motere ni litre mbili na nusu tu, na yanabeba sehemu kubwa ya moto. Apime kila asubuhi mwenye kuipenda. Mavumbi ya njia za migodi yanajaza matundu ya hewa na mapezi ya silinda, yasafishwe. Kauchu za nyuzi za bugi zikae mahali pao, sababu nazo zinaziba njia. Silinda ya tatu ndiyo inaungua mbele ya zingine, kwani mu motere za mbele ya modeli ya 1971 radiatere ndogo ya mafuta inasimama mu njia ya hewa yake.

Na kwa wote, wenye motokari na wasio nayo: hewa ile haitoke mu eshapema peke yake. Inatoka vilevile mu mbabula ya makala inayoingizwa mu chumba cha kulala wakati wa baridi, mulango umefungwa. Mukiona watu wengi wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, wanatapika, wanasinzia, musingoje kujua ni ugonjwa gani. Mutoshe inje kwanza, hata kama kuna baridi. Kisha mupeleke ku hospitali.