Mbio yangu ya kwanza, na mguu niliousingizia



Bado majuma sita tufike siku ya mbio ya shule. Wadogo wengi watakimbia mara ya kwanza, na nimekwisha kuwasikia katika chumba cha kulia: huyu atakuwa wa kwanza, yule atawaacha watu wa darasa la mwisho mbali kabisa. Mi pia nilitangaza hivyo, miaka miwili iliyopita. Ndiyo sababu naandika, na katika maandiko haya kuna neno ambalo sijalisema bado mbele ya watu wote.

Njia mnaijua. Kutoka mlango wa shule unashuka kilometa nne paka darajani, unageuka, unapanda zile zile nne. Mimi nilikuwa sijazikimbia zote nane hata siku moja. Nilikuwa nimezunguka uwanja wa mpira mara tatu, karibu kilometa moja, kwa dakika nne, na wenzangu wakapiga makofi. Basi nikachukua kalamu: kilometa moja dakika nne, kilometa nane dakika 32. Tena nilikuwa nimesikia kwa radio habari ya Joshua Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia meta 10,000 kule Valencia mwaka 2020 kwa dakika 26 na sekunde 11. Nikagawa, nikapata dakika mbili na sekunde 37 kwa kila kilometa. Nikajisemea, yeye mbili na nusu, mimi nne, si nimejinyenyekeza?

Mwalimu wetu wa hesabu aliponisikia nikitangaza zile dakika 32 aliniuliza neno moja tu: “Umekwisha kukimbia hizo nane mara ngapi?” Nikacheka. (Hata kwa Exetat tunafanya vile vile: mtu anatangaza 80 kwa mia, na kitabu cha kemia bado kiko kipya.)

Siku ya mbio nikaondoka kama mbuzi aliyekata kamba. Kilometa ya kwanza dakika tatu na nusu! Lakini ile si mbio, ni mlima unaokusukuma mgongoni. Darajani nilikuwa wa nne. Kisha tukageuka. Hapa kwetu Kivu hata maji ya ziwa yako karibu meta 1,460 juu ya bahari, na shule iko juu zaidi. Mwanafunzi anayetoka Uvira analijua neno hilo ndani ya kifua chake. Mbele ya kilometa ya sita ubavu ukanichoma, magoti yakawa kama ya mtu mwingine. Watu wakaanza kunipita. Wa darasa langu wakanipita, wakanipita na wale niliokuwa nawacheka. Nikaona nitafika wa hamsini, na chumba chote cha kulia kinakumbuka dakika 32.

Nikaketi kando ya njia, nikashika kifundo cha mguu wa kuume, nikalia kwa sauti.

Mguu haukuwa na kitu, wapendwa.

Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa anakuja nyuma, anakimbia pole pole sana, mdomo umefungwa. Yeye alikuwa na shabaha moja: kufika shuleni bila kutembea. Kwa miezi miwili alijizoeza akienda mtoni na bidoni yake, anashuka akikimbia, anapanda akitembea, baadaye anapanda pia akikimbia. Akanikuta, akasimama. Akaweka mkono wangu begani mwake, tukapanda pamoja tukitembea, yeye mdogo, mimi mkubwa ninamlemea. Shabaha yake ikaishia pale. Munganga wa shule akanifunga kitambaa, nikachechemea siku tatu, na watu wakanihurumia.

Juma lililofuata mwalimu wa historia akatuelezea John Stephen Akhwari wa Tanzania, katika mbio ya maratoni ya Mexico, mwaka 1968. Alianguka, goti likajeruhiwa, akafungwa kitambaa kama mimi. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa moja mbele, usiku umeingia, naye akaingia uwanjani, wa 57, wa mwisho kati ya wote waliofika. Mwalimu hakujua lolote juu yangu. Mimi nilitazama meza.

Mwaka uliopita nikarudi kwa yule mwalimu wa hesabu. Akanifungulia Luka sura ya 14, habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, aketi kwanza ahesabu gharama. Akasema hesabu yangu ya kwanza haikukosa katika kugawa. Ilikosa kwa sababu nilihesabu kitu ambacho miguu yangu haijafanya bado.

Tukaanza na kilometa mbili. Siku tatu kwa juma, si zaidi, maana pumzi inazoea upesi, lakini mishipa na mifupa inachelewa. Mwendo wetu ulipimwa kwa mdomo: tulitaja vitabu vya Biblia kwa sauti, na ukishindwa kutaja vitatu bila kukata pumzi, unakimbia mno, punguza. Majuma mengine tuliongeza kidogo, mengine hatukuongeza kitu. Juma la nane nikakimbia sita, pamoja na mlima, dakika 39. Ndipo tukagawa: sita na nusu kwa kilometa, yaani 52 kwa nane. Mwalimu akasema, “Ongeza tatu, sababu ya mlima wa mwisho, na sababu wewe ni wewe.”

Basi nilikuwa na shabaha tatu, moja ndani ya ingine: kwanza kufika kwa miguu yangu, hata kama nitatembea, tena kufika bila kutembea, na Mungu akipenda, dakika 55. Viatu, nilivaa vile vya kila siku. Kuna wanaosema Abebe Bikila alishinda maratoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli, lakini miguu yake ilikuwa imezoea. Usiazime viatu vya mtu siku ya mbio.

Lakini kabla ya mbio nilimtafuta yule mtoto, nikamwambia yote. Akatazama chini.

“Nilijua, yaya,” akasema. “Siku ya pili ulikuwa unachechemea na mguu ingine.”

Mwaka mzima alijua, asimwambie mtu. Leo niko kapita, naandika majina ya wanaosema uongo kwa apeli, na kila mara ninapoandika nakumbuka mguu ule. Bwana Prefe atalisoma hapa kwa mara ya kwanza, munganga pia. Anisamehe kitambaa chake.

Nilifika wa 34, dakika 56 na sekunde 20, bila kutembea. Shabaha ya tatu ilinishinda, nikafurahi hivyo hivyo. Yule mdogo alikuwa amekwisha kunywa maji na kuvaa sweta.

Tuanze Jumanne, saa kumi na moja ya jioni, mbele ya uwanja. Tutazunguka mara sita tu, na kila mtu ataandika dakika zake katika daftari, asizitangaze kwa chumba cha kulia. Siku ya mbio msinitafute mbele. Nitakimbia na wa mwisho, na bidoni ya maji, na anayetaka kutembea kwa mlima tutatembea naye.

Kapita wa wanafunzi,
darasa la mwisho