Tope la Somanga

Baba yangu alikuwa manamba. Alitoka Songea kwa mkataba wa kukata mkonge Tanga, mkataba ukaisha, akabaki, na mimi nikazaliwa kambini karibu na Muheza. Songea niliisikia tu. Kambini nako hatukuwa na chetu: siku baba alipoacha kazi, chumba kilipewa mwingine. Kila nilipoulizwa "Kwenu wapi?" nilikaa kimya.

Mwaka 1978 nikapata utingo kwenye lori la korosho, Lindi na Dar es Salaam. Anayepanda basi Mbagala asubuhi na kufika Lindi jua bado linawaka hawezi kuijua njia ile ilivyokuwa. Kiangazi ni mchanga, masika ni tope jeusi linalovuta gurudumu kama lina mikono. Mto Rufiji tulivuka kwa pantoni pale Ndundu, na mto ulipofurika pantoni ilisimama, magari yakajipanga ukingoni hadi maji yapungue.

Kazi ya utingo masika ni kutangulia. Unavua viatu, unashika mti, unaingia dimbwini kupima kina huku lori linanguruma nyuma yako. Maji yakifika kiunoni, dereva anazima injini na nyote mnakwenda kukata matawi ya kutandika.

Masika ya 1982, tumeshapita Muhoro na Somanga haiko mbali, lori likazama hadi kwenye ekseli. Tulikaa siku 11. Unga uliisha siku ya tatu. Siku ya nne alikuja mzee mmoja na vijana wake, sufuria kichwani: ugali wa muhogo na papa mkavu wa nazi. Kesho yake walirudi na majembe, wakachimba pamoja nasi, watu wasio na hata gunia moja ndani ya lori lile. Tulipokwisha kula ndipo yule mzee akaniuliza, "Mwanangu, kwenu wapi?" Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akasema, "Basi ukipita, usinipite."

Sikumpita. Kila safari nilimletea sukari na mafuta ya taa, naye akaniwekea nazi na samaki. Nikashika usukani. Mwaka 1986 nikamwoa binti yake. Mzee akanikatia kipande chenye mikorosho, nikasimamisha nyumba ya miti na udongo, ya tofali ikaja baadaye. Alipofariki, walinipa jembe makaburini bila kuniuliza, nikachimba na shemeji zangu.

Agosti 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, urefu wa mita 970 juu ya Rufiji. Mara ya kwanza kuvuka nilisimamisha gari ng'ambo nikalia. Niliwakumbuka wajawazito niliowaona wakisubiri pantoni usiku, wamelazwa kwenye mikeka. Lami ya kutoka Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, ilichelewa kuliko vipande vingine, nasi tuliendelea kuchimba. Ilipokamilika, magari yakaanza kutupita mbio. Naipenda barabara ile kwa moyo wote. Ila najua kwamba kama ingekuwapo mwaka 1982, mimi pia ningepita mbio, na mzee yule nisingemjua.

Niliacha udereva macho yalipochoka. Sasa napalilia mikorosho, na jioni nakwenda ufukweni kungoja mashua za shemeji zangu.

Mei 2024 kikaja Kimbunga Hidaya na mvua zake. Barabara ikakatika upande wetu wa Somanga, magari yakajipanga kama zamani, watoto wakilia ndani ya mabasi. Mke wangu akachota unga kabla sijasema neno. Sufuria nilibeba mimi. Utingo mmoja kijana, tope hadi magotini, akapokea sahani kwa mikono miwili na kuniuliza, "Mzee, wewe ni wa hapahapa?"

Nikamwambia ndiyo, wa hapahapa, na ale kabla samaki hajapoa.