Meza Moja

Kwetu meza ni moja tu. Urefu futi nne, upana futi mbili, na mguu mmoja umewekewa kipande cha kandambili ili isicheze. Tumepanga chumba na sebule katika moja ya nyumba za Kiswahili zilizobaki Kariakoo, zile zilizobanwa na maghorofa huku na huku mpaka jua likifika uani saa 6 mchana linapiga hodi tu na kuondoka. Asubuhi juu ya meza hiyo kuna chai na chapati. Tukishatawanyika, mama watoto anapandisha cherehani yake na kushona sare za shule za watu. Jioni binti yetu wa darasa la nne anatandaza madaftari. Tukishakula, vyombo vikaoshwa, mtoto akalala, ndipo zamu yangu inafika. Hapo ni saa 4 usiku. Natoa wembe, rula, gundi na kadi, naanza kutengeneza vigari.

Ndiyo, vigari. Mtu mzima na ndevu zangu.

Wewe uliyekulia mjini hapa miaka ya 90 unajua ninachosema. Tulikuwa na magari ya waya na magari ya maboksi, matairi tunayakata kwenye kandambili zilizochoka, tunayasukuma kwa fimbo ndefu yenye usukani juu. Wenzangu waliacha walipobalehe. Mimi sikuacha, nilipunguza ukubwa tu. Sasa hivi kipimo changu ni sentimita moja kwa kila nusu mita ya gari la kweli, na juu ya kabati letu yamepanga foleni magari ya Dar ya zama zote: chai maharage, ile pikapu ya abiria kutazamana kama wamekaa barazani, DCM iliyobonyea ubavuni (kuibonyeza vizuri kulinichukua usiku mbili, maana kadi hainyumbuki kama bati), na kipanya chenye mlango wa kuteleza unaoteleza kweli. Siyauzi. Sijui kuyauza. Nikimaliza moja naliangalia kwa dakika kumi hivi, nasikia raha ambayo siwezi kukueleza, kisha nalala.

Kazi yangu ya mchana ni kuuza mashati kwa jumla, dukani Mtaa wa Kongo. Nisikufiche, kama si duka lile nisingekuwa na malighafi. Shati jipya linakuja na kadi nyeupe mgongoni, plastiki ngumu shingoni, pini tano au sita, na mfuko mwangavu. Mteja akitaka kujaribu, vyote hivyo vinatupwa. Kwangu mimi kadi ni bodi ya gari, plastiki ya shingoni ni kioo cha mbele, pini ni ekseli, na vichwa vya pini ni taa. Wenzangu wa dukani walishazoea kuniona naondoka jioni na mfuko wa takataka kifuani kama nimeiba mali.

Tatizo lilianza nilipoacha kungoja saa 4 usiku. Siku moja duka limepoa, nikainama nyuma ya kaunta nikawa nakata madirisha. Dirisha la basi, ndugu yangu, ukikosea nusu milimita upande mzima unaharibika, kwa hiyo nilikuwa nimezama kabisa. Kumbe mbele yangu amesimama mteja kutoka Lubumbashi, mtu wa kuchukua dazeni hamsini kwa mkupuo, ananiambia "kaka, kaka" mara ya tatu. Aliyemjibu ni tajiri mwenyewe, aliyekuwa anaingia. Hakupiga kelele mbele ya mgeni. Mgeni alipoondoka na mzigo wake akaniita stoo, mkononi ameshika chupa yangu ya gundi. Aliniuliza kitu kimoja: ninajua gundi hii inashikaje moto? Tangu soko kubwa la Kariakoo liungue usiku wa tarehe 10 Julai 2021, mwenye duka hapa anaweza kukusamehe uvivu, hawezi kukusamehe kitu kinachowaka karibu na mzigo. Akanikata siku mbili. Nilistahili, na bado niliondoka nimenuna.

Kijiweni nako sikupata faraja. Washikaji wananijua, wananipenda, lakini wakianza hawajui breki. "Oya, dereva wa maboksi! Leo umepakia abiria wangapi?" Mwingine: "Mwache bwana, mwenzenu keshanunua magari manane na hana deni benki." Nacheka nao. Yule anayekaa saa tatu kwenye drafti kila jioni ndiye aliyeniambia napoteza muda.

Katika kujitetea nilikuwa na mfano wangu mmoja, nikiutoa kila nilipobanwa. Nilikuwa nasema: mwangalieni Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa Tunduru, kaja mjini kutafuta maisha, akapata kazi ya uhudumu hospitali ya Muhimbili. Mchana hospitali, akitoka kazini anachora wanyama wake juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Alikufa mwaka 1972, miaka minne tu hivi tangu aanze kuchora, na leo jina lake ndilo jina la uchoraji wenyewe, dunia nzima. Je, naye aliambiwa anapoteza muda?

Mfano mzuri, sivyo? Mama watoto aliusikia mara nyingi bila kusema neno.

Sasa nikueleze habari ya kumbakumba. Baba yangu alikuwa kondakta wa UDA, lile shirika la usafiri wa Dar es Salaam lililoanzishwa mwaka 1974. Alipita katika mabasi ya kila namna, lakini akizungumza ni Ikarus tu, basi la Hungaria, refu, lililoungwa katikati kwa mpira wa mikunjo kama kinanda. Watu waliliita kumbakumba kwa sababu lilikumba kila mtu kituoni. Mimi sikuwahi kulipanda. Nimelipanda mdomoni mwa mzee: jinsi lilivyojikunja kwenye kona, jinsi wanafunzi walivyogombania kusimama pale kwenye mikunjo ili wayumbe, jinsi yeye alivyopita katikati ya watu na tiketi zake huku anatoka jasho mpaka viatuni. Mwaka juzi mguu ulianza kumsumbua, akawa hatoki tena nyumbani kwake Mbagala. Nikajiapiza kumtengenezea lake.

Basi la kweli lilikuwa na urefu wa mita 16 na nusu. Kwa kipimo changu hiyo ni sentimita 33, na upana sentimita 5. Hakuna gari nililowahi kutengeneza linalofika hata nusu yake. Mikunjo ya katikati niliikata kwenye kitambaa cha mwavuli mweusi, nikaikunja juu ya waya pete kwa pete. Usiku kumi na mmoja kwa mikunjo peke yake. Viti nikavipanga kimoja kimoja. Nikawa nalala saa 8 usiku, nafika dukani macho mekundu, narudi nyumbani sijui mtoto amefundishwa nini shule, nangoja tu meza iachwe. Binti yangu akawa anafunga madaftari mapema bila kuambiwa. Nilidhani ni adabu. Baadaye ndiyo nikajua alikuwa anakwenda kumalizia hesabu kitandani, daftari juu ya goti.

Ikafika Desemba. Kwa fundi wa sare Desemba ni kama Ramadhani kwa muuza tambi. Shule zinafunguliwa Januari, kila mzazi anataka mashati meupe na sketi za bluu, na kila mzazi anataka jana. Mama watoto akawa anashona mchana na usiku. Zamu yangu ikasogea saa 5, ikasogea saa 6, mwisho nikaambiwa niache kwanza mpaka mwezi uishe. Nikasema sawa. Usiku mmoja nikaamka saa 9, nimeota rangi. Nikaiamsha meza. Nilisogeza tu lile rundo la mashati kando, nikapaka basi mkono wa kwanza, nikaliweka likauke, nikarudi kulala nimejaa furaha.

Feni ndiyo iliyomaliza kazi. Iliupeperusha mkono wa shati la juu ukalalia rangi mbichi, shati likateleza, likavuta mengine. Kufika asubuhi mashati manne meupe yalikuwa na michirizi, na rangi ya mafuta haijui sabuni.

Nilitegemea ugomvi. Nilikuwa nimeshajiandaa, hata Tingatinga nilikuwa naye ulimini. Mama watoto hakugomba. Aliyakunja yale mashati manne, akaweka pembeni, akahesabu gharama ya kitambaa kwa sauti ya kawaida, akasema, "Baba watoto, utanipa hela leo nikanunue kingine Mtaa wa Uhuru. Kazi ya mikono yangu sikudai." Kisha akaingia chumbani akatoka na mfuko wa nailoni niliokuwa nauona chini ya kitanda miaka yote bila kuuliza. Ndani kulikuwa na kitambaa cha meza cha kudarizi. Pembe mbili zimekamilika, maua mekundu na majani, kazi safi ambayo ungeinunua kwa bei yoyote. Pembe ya tatu imeishia katikati ya ua. Sindano bado ilikuwa imechomekwa pale pale, imeshika kutu, na kutu imeacha alama kwenye nguo.

"Nilikianza kabla hujanioa," akasema. "Nilikiacha alipozaliwa mtoto. Kila siku nasema nikipata saa moja. Wewe saa zako umezipata wapi?"

Nikanyamaza. Akaongeza, taratibu kabisa, "Na huyo Tingatinga wako. Picha zake alikuwa anazipeleka nani kuuza pale Morogoro Stores, Oysterbay? Si mkewe? Mbona huyo humtaji kijiweni?"

Nilitoka nikakaa barazani. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba muda wangu wa vigari nauiba kwa tajiri, au nauiba kwenye usingizi wangu, mali yangu mwenyewe. Sikuwahi kujiuliza nani anaosha vyombo haraka haraka ili meza iwe wazi saa 4. Mpaka leo nikikumbuka ile sindano naona haya.

Jioni ile niliacha nauli, nikatembea mpaka Gerezani kwa mafundi, nikanunua kipande cha hadibodi cha futi moja na nusu, nikapigiliwa ukingo wa mbao pande zote. Hiyo ndiyo karakana yangu sasa. Kila kitu changu kiko juu yake, wembe, gundi, gari, na zamu ikiisha naunyanyua wote kama sinia na kuupandisha juu ya kabati. Meza inabaki kavu. Zamu zenyewe ni Jumanne na Alhamisi, mwisho saa 6 usiku. Jumapili kuanzia saa 8 mchana mimi na binti yangu tunatoka. Hatuna safari, tunakwenda kuangalia mabasi ya mwendokasi yanavyogeuka kituo cha Gerezani. Yalipoanza mwaka 2016 mzee aliyaona akasema kumbakumba limerudi. Tukirudi jioni mimi ndiye ninayepika. Ugali wangu una mabonge, lakini hakuna aliyekufa. Nyuma yetu meza ni ya mama watoto peke yake. Sindano kanunua mpya.

Siwezi kusema imekuwa rahisi. Kuna Jumatano vidole vinaniwasha mpaka nakunja karatasi za risiti. Kuna Alhamisi mbili nilizopoteza kwa sababu mtoto aliumwa tumbo. Basi ambalo lilikuwa limalizike Januari lilimalizika Mei.

Siku ya Jumapili tukalipeleka Mbagala ndani ya boksi la viatu vya buti, mimi nimelipakata, binti yangu anawazuia abiria wasiliegemee. Mzee alikuwa uani, mguu juu ya kigoda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mmeniletea viatu?"

Nikalifungua. Alilishika kwa mikono miwili, akalikunja taratibu kwenye mikunjo, kushoto, kulia, likatii. Hakusema kitu. Akalisogeza karibu na macho, akahesabu viti kwa midomo. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule. Kisha nikaona mabega yanatikisika, nikajua mzee analia. Kumbe anacheka.

"Mwanangu," akasema, "milango umeweka upande gani?"

Nikatazama. Nilikuwa nimefuata picha niliyoipata kwenye simu, basi la huko huko Hungaria, ambako gari linakwenda kulia. Milango yangu yote ilikuwa upande wa kulia.

"Abiria wangu wote wakashukie katikati ya barabara?" Sasa alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Siku moja tu, dereva wangu anafungwa, na mimi nafungwa naye!" Akamwita jirani aje aone. Akamwonyesha binti yangu mahali kondakta alipokuwa anasimama, akamfundisha kupiga ubavuni kwa kiganja, mara mbili, twende. Hiyo saa moja nilikuwa sijaisikia kwa mzee tangu mguu uanze.

Tuliporudi, kitambaa cha meza kilikuwa kimetandazwa, ua la pembe ya tatu limefungwa. Nikaweka lile boksi la viatu chini, mlangoni. Nikamweleza mama watoto habari ya milango, kwamba mzee kanirudishia, kwamba kuhamisha upande mzima si kazi ya usiku mmoja, pengine ni usiku ishirini.

Alikata uzi kwa meno.

"Jumanne na Alhamisi," akasema. "Na leo unapika nini?"