Mgema na Mvinyo wa Wafaransa

Niliandika maelezo ya mivinyo 31 kabla sijaonja hata mmoja. Dili ilikuwa ya duka la vinywaji la mtandaoni: shilingi moja kwa neno, maneno 60 kila chupa. Nilikuwa nagugo, nachanganya, naandika "ladha ya beri nyeusi na ngozi" kana kwamba nimezaliwa Bordeaux. Beri nyeusi sijawahi kuiona. Ngozi nimevaa tu.

Kisha mwenye duka akanipa chupa ya Côtes du Rhône, nionje ndiyo niandike vizuri. Nikaipeleka bedsita yangu. Siku hiyo hiyo Baba alikuwa ameshuka kutoka Kilifi, kliniki ya macho, amebeba ng'onda kwenye gazeti.

Sasa lazima nieleze. Baba ni mgema. Karo yangu ya chuo ilitoka juu ya minazi, kibuyu baada ya kibuyu. Na chuo niliacha mwaka wa tatu. Akipiga simu nasema masomo yanaendelea. Ananyamaza kidogo, halafu anauliza kama nimekula.

Nikamimina kwenye glasi za maji. Baba akanusa kwanza, hakuna aliyemfundisha. Akazungusha mdomoni.

"Zambarau," akasema. "Zile hazijaiva sawasawa. Inakaza ulimi."

Kinachokaza ulimi ni tanini, inatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu. Chai ya rangi iliyokaa sana na majani pia inayo. Inashika protini za mate, mdomo unakauka. Ndiyo maana nusu kilo ya mbuzi choma niliyotoa pale chini iliubadilisha mvinyo kabisa: tanini ilipata nyama na mafuta ya kushika, ikatuachia ulimi. Kachumbari ikaharibu mambo, kwa sababu pombe ya asilimia 14 inachochea pilipili. Lakini msiba ulikuwa ng'onda. Chuma kilicho kwenye mvinyo mwekundu kikikutana na mafuta ya samaki, ladha inayobaki ni kama umelamba msumari. Baba akaenda kutema kwenye sinki.

"Huyu Mfaransa na samaki wetu hawajuani."

Akataka nimsomee lebo. Nikamwambia Wafaransa mara nyingi wanaandika mahali, si aina ya zabibu. Humu nyingi ni Grenache, na Syrah kidogo, kutoka bonde la mto Rhône, kusini, kwenye upepo mkali unaoitwa mistral.

"Na wagema wao huanguka?"

"Mizabibu ni mifupi, Baba."

"Basi hawana kazi hao."

Tukacheka. Halafu akauliza, "Haya ndiyo wanawafundisha chuoni?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema, "Niliacha chuo, Baba."

Alikuwa anafuta mafuta vidoleni. "Najua. Mtoto akiacha kuitisha karo, mzazi anajua."

Hakugomba. Akauliza tu kazi hii inalipa ngapi.

"Sitini kwa chupa."

"Na chupa yenyewe?"

"Elfu mbili."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo palikuwa pagumu.

Usiku niliandika maneno yangu 60, neno la kwanza zambarau. Mwenye duka akarudisha: weka beri nyeusi, wateja hawataelewa zambarau. Nikamuuliza wateja gani hao. Hajajibu mpaka leo, na hiyo sitini hajatuma.

Chupa ilibaki nusu. Kwa Baba, mnazi wa asubuhi ukifika kesho ni siki, kwa hivyo niliposema huu ukifungwa vizuri unakaa siku mbili tatu, hakuamini. Akautia kwenye chupa ya soda, akaifunga na gazeti la ng'onda, akapanda basi la usiku nao ili wagema wenzake waonje.

Kesho yake jioni akapiga simu.

"Wamesema unakaza ulimi," akasema. "Umekula?"